Joseon Haikuanzishwa kwa Mshale

Mnanijua. Kila nikisimama kuizungumzia Korea, narudi palepale kwenye ardhi, na leo narudi tena. Wengi wenu mmeifahamu Korea kwa tamthilia zilizotiwa Kiswahili: Jumong katoka kwenye yai, mshale wake haukosei, ufalme wa kale wa Goguryeo ukasimama. Ni hadithi tamu, hata mimi naipenda. Ila imetuzoesha kuamini kwamba ufalme huzaliwa na shujaa na upinde wake, na tukifika kwa Yi Seong-gye, jenerali aliyeanzisha ufalme wa Joseon, tunaisimulia vilevile.

Kisa cha kisiwa cha Wihwa sitakirudia. Mwaka 1388, Mto Amnok, mvua, Yi Seong-gye akaligeuza jeshi njiani, likarudi Gaeseong, mji mkuu, kumng'oa mfalme. Hapo watu hufunga kitabu. Lakini Joseon ilianzishwa 1392, jamani! Miaka minne yote hiyo ilikuwa ya nini?

Ilikuwa ya madaftari ya ardhi. Mwishoni mwa Goryeo, ufalme uliotangulia Joseon, wakubwa walimiliki mashamba ambayo mipaka yake ilikuwa milima na mito, huku maskini hana hata pa kuchomeka sindano ya fundi viatu. Shamba moja lilikuwa na wadai kodi kadhaa: akiondoka huyu anaingia yule, kila mmoja na hati yake, na mkulima ni yuleyule, gunia ni lilelile. Jo Jun na Jeong Do-jeon, maofisa wa upande wa Yi Seong-gye, wakalishikilia jambo hilo. Mwaka 1390 madaftari ya zamani yakatolewa, yakachomwa katika mji wa Gaeseong, moto ukawaka siku kadhaa. Gongyang, mfalme wa mwisho wa Goryeo, akalia. Alijua kinachoungua si karatasi. Mwaka uliofuata ikatoka sheria mpya: maofisa wagawiwe haki ya kukusanya kodi kwa kadiri ya cheo, tena katika mkoa wa Gyeonggi tu, na mkulima atoe sehemu moja ya kumi.

Najua kuna anayesema moyoni, "Bila askari nani angethubutu kuwasha moto huo?" Kweli, hakuna. Basi nijibuni na mimi: majenerali waliishika Goryeo tangu 1170. Ukoo wa Choe peke yake uliamuru kuanzia 1196 hadi 1258, ukiwapandisha wafalme na kuwashusha. Mapanga walikuwa nayo. Mbona kiti kilibaki kwa Wang, ukoo wa kifalme wa Goryeo? Kwa sababu walipokwisha kushika nchi, nao walijilimbikizia mashamba yaleyale. Hawakumpa mkulima wala ofisa mdogo sababu yoyote ya kutaka ufalme mwingine. Hili nalisema mwaka wa ngapi sasa?

Naambiwa muda umekwisha, nakimbia. Jeong Mong-ju, ofisa aliyeitetea Goryeo, aliuawa 1392 na watu wa Yi Bang-won, mwana wa Yi Seong-gye. Mji mkuu ulihamia Hanyang, Seoul ya leo, 1394. Jeong Do-jeon naye akauawa na Bang-won huyohuyo 1398. Mfalme Sejong na herufi zake za Kikorea naziacha, zina watetezi wengi. Ila hili siliachi: ardhi ya Gyeonggi haikutosha. Wajane na yatima wa maofisa waliachiwa mashamba ya marehemu, hayakurudi serikalini, wapya wakakosa. Mwaka 1466 mfalme Sejo ikambidi aamuru wagawiwe walio kazini tu. Miaka 75 tu tangu ile sheria, na madaftari yako mezani tena!

Haya, mzee wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu Gaeseong. Karibu.