Chennai kwa Mara ya Kwanza: Twende Hatua kwa Hatua

Habari za saa hizi, watazamaji wangu. Leo hatuko Kariakoo. Niko Chennai, kusini mwa India, juu ya paa la gesti, na hizo kelele mnazozisikia nyuma yangu ni honi. Simu zenu hazina tatizo, mji ndivyo ulivyo. Wazee wetu waliufahamu kwa jina la Madras, jina lililobadilishwa mwaka 1996. Nimekuja kumsindikiza mama hospitalini, kama wengi wetu tunavyokuja huku, na hii ni safari yangu ya pili. Ile ya kwanza nilihangaika siku mbili nzima kwa vitu ambavyo mtu angenielekeza kwa dakika kumi tu. Kwa hiyo kaa vizuri, chukua kalamu.

Hatua ya kwanza unaifanya ukiwa bado nyumbani: visa. Inaombwa mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, hii hapa kwenye skrini: indianvisaonline.gov.in. Soma herufi moja moja, maana kuna tovuti zinazofanana nayo na zinakutoza zaidi kwa kazi ileile. Kuna visa ya matembezi, ya matibabu, na ya msindikizaji wa mgonjwa. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Tafadhali, wewe unayemsindikiza mgonjwa usiombe ya matembezi eti kwa sababu ni rahisi. Matibabu yakirefuka, mgonjwa ataongezewa muda na wewe utaanza kujieleza.

Halafu kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ukitokea nchi wanazozihesabu kuwa na ugonjwa huo na huna kadi, wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Iweke ndani ya pasipoti, usiizike kwenye begi kubwa.

Kuhusu tarehe: kama safari ni yako kupanga, njoo kati ya mwisho wa Desemba na Februari. Aprili hadi Juni jua linapita nyuzi 40, na usidhani kwa kuwa umetoka Dar utalizoea. Oktoba hadi Desemba ndiyo mvua zao kubwa. Desemba 2015 maji yalifunika mitaa mingi, hata uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa.

Haya, umetua. Hatua ya pili ni fedha. Hapa uwanjani badilisha dola kidogo tu, za kukufikisha gesti na kukulisha siku moja, kwa sababu mjini utapata bei nzuri zaidi. Usitegemee kubadilisha shilingi. Na kama jirani alikupa noti ya rupia 2,000 iliyombakia safari yake ya zamani, mrudishie na asante: zilianza kuondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023 na dukani hutampata wa kuipokea. Kubwa yao sasa ni 500. Omba upewe na za 10, 20, 50 na 100, maana dereva hapa hana chenji. Hana, na hatatafuta.

Utaona kila mahali, hadi kwa muuza nazi, kuna karatasi yenye ule mchoro wa kuskani. Wenyeji wanalipa kwa simu kama sisi na M-Pesa. Wewe mgeni huna akaunti ya benki ya huku, kwa hiyo usiutegemee mfumo huo. Noti ndogo ndizo M-Pesa yako.

Hatua ya tatu ni laini ya simu, na hapa nataka tutulie kidogo. Ukitaka kutumia intaneti ya bure ya uwanjani, wanakutumia namba ya siri kwenye simu. Ukitaka kuita teksi kwa programu, namba ya siri. Kuagiza chakula, namba ya siri. Na laini yako ya nyumbani mara ipokee, mara isipokee. Bila namba ya India wewe ni kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba, anaona watu dirishani wanakula. Airtel na Jio wote wanauza laini kwa wageni. Uwe na pasipoti, nakala ya visa na picha ndogo ya pasipoti. Ila haifunguki palepale. Yangu ilikaa saa kadhaa.

Sasa katika zile saa za kungoja utafikaje gesti? Simamisha video uandike. Kabla hujaondoka nyumbani, andika kwenye karatasi jina la gesti, mtaa, kitu kikubwa kilicho jirani, na namba ya simu ya mapokezi. Dereva wa huku akisoma anwani hatulii mpaka ajue iko karibu na nini. Mwonyeshe karatasi, mwombe apige mwenyewe, waongee Kitamil wamalizane. Mimi safari ya kwanza anwani ilikuwa ndani ya barua pepe, na barua pepe ilikuwa inataka intaneti. Nimeeleweka?

Usisahau kuiuliza gesti mapema kama inapokea wageni kutoka nje ya India. Sheria inaitaka iandikishe kila mgeni serikalini, na ndogondogo nyingine hukwepa usumbufu huo. Mimi niliwahi kugeuzwa mlangoni saa saba usiku na mabegi matatu. Maeneo ya Greams Road, penye hospitali, wamezoea wagonjwa wa mbali. Utaona hata vibao vya Kibengali kwa ajili ya watu wa Bangladesh. Huko vyumba vingi vina jiko. Mama amenipikia ugali wa rava, ile semolina yao. Si sembe, lakini unakaa mkononi.

Hatua ya nne, usafiri. Treni ya metro inaanzia hapohapo uwanja wa ndege. Panda Laini ya Bluu; kwa Greams Road unashuka kituo cha Thousand Lights, kisha unamalizia kwa chombo kingine. Nauli ya metro inaanzia rupia 10 na haizidi 50, kuna kiyoyozi, na kuna sehemu ya wanawake peke yao. Ila kumbuka usiku wa manane haitembei, na ndege nyingi zinatua saa hizohizo. Basi nenda dirisha la teksi za kulipia kabla, ulipe, upewe karatasi, ushike karatasi yako mpaka ufike.

Mjini chombo chenyewe ni bajaji. Sisi tumekiita jina la kampuni, wao wanakiita auto. Mita utaiona imefungwa pale mbele, na mara nyingi ni pambo. Fanya hivi: fungua programu ya kuita usafiri, tazama bei wanayokwambia kwa safari hiyo, halafu ndipo uongee na dereva wa barabarani. Akitaja mara mbili yake, mwonyeshe simu, ucheke, uanze kuondoka taratibu. Atakuita. Ukiamua kuiita kwa programu, utapewa tarakimu nne za kumsomea dereva ndiyo safari ianze. Usizisome kabla hujahakiki namba ya gari.

Hatua ya tano ni fupi lakini imewatoa watu jasho kaunta. Tazama bili hii. Imeandikwa 1,20,000. Mkato wa kwanza umekaa mahali ambapo sisi hatuuweki. Usibishane wala usidhani ni makosa: hiyo ni laki moja na elfu ishirini. Neno laki tumelipata kutoka India, na wao bado wanahesabu hivyohivyo, mkato unakaa kwenye laki. Soma bili zote kwa Kiswahili, utaelewa haraka kuliko kwa Kiingereza.

Tule sasa. Asubuhi agiza idli. Ni kama kitumbua kisichotiwa sukari, ila hakikaangwi, kinapikwa kwa mvuke, na kinakuja na chatini ya nazi ambayo mtu wa Tanga hatahitaji kuelezwa. Mgonjwa asiyetaka kula, idli inapita. Mchana ingia penye kibao cha "meals": unapewa wali juu ya jani la mgomba, mchuzi wa dengu unaoitwa sambar, mboga, mtindi, na wanakuongezea mpaka useme basi. Mkono wa kulia tu. Ukimaliza, kunja jani kuelekea kwako. Kulikunjia upande wa pili, wenyewe wanasema, ni mambo ya msibani.

Wapenda nyama, sehemu nyingi hawapiki kabisa. Nenda Triplicane, mitaa ya Waislamu karibu na Msikiti wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795. Halali ipo na biriani lipo. Neno la kukariri ni "kaaram", pilipili. Sema "kaaram vendam", sitaki pilipili. Watakupunguzia. Kuiondoa kabisa, sijaona. Maji ni ya chupa, na uhakikishe kifuniko kinalia unapofungua.

Lugha ni Kitamil, na Kihindi ulichojifunza kwenye sinema hakitakusaidia sana huku. Kiingereza kinasaidia zaidi. Lakini jifunze hili: mwanamume mwite "anna", yaani kaka, na mwanamke "akka", dada. Najua, mara ya kwanza utaona aibu kumwita Anna mzee mwenye masharubu. Ita tu. Na ukimwuliza jambo akatikisa kichwa huku na huku kama kinaelea, hajakataa. Amekubali.

Siku mgonjwa amepumzika, nenda hekalu la Kapaleeshwarar kule Mylapore, asubuhi au jioni, maana mchana hufungwa. Viatu unaacha nje. Wakristo, kanisa la San Thome haliko mbali, linaloaminika kuwa lilijengwa juu ya kaburi la Mtume Thomasi. Jioni Marina, ufukwe mrefu ajabu: nunua sundal, dengu zilizochemshwa na nazi, ukae mchangani. Usiogelee. Mkondo wa pale unavuta, na hata wenyeji wanaishia kulowesha miguu.

Ukipiga simu nyumbani, huku tuko mbele kwa saa mbili na nusu. Saa mbili asubuhi hapa, Dar ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na siku ya kurudi, tiketi na pasipoti ziwe mkononi kabla hata ya mlango wa uwanja wa ndege, askari hamruhusu mtu kuingia bila kuziona.

Ngojeni, simu inaita, auto imefika chini. Mama, viatu! Anna, dakika moja... namba ya gari ndiyo hii. Haya: saba, mbili, sifuri, tisa.