Neno Linaporudi: Kumsoma Melanctha

Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwenu nyote. Hadithi niliyowaletea ni «Melanctha» ya Gertrude Stein, mwandishi Mzungu wa Marekani, iliyotoka mwaka 1909 katika kitabu chake Three Lives.

Inaanza na uzazi. Rose Johnson amejifungua kwa taabu, na Melanctha Herbert ndiye anayemuuguza. Melanctha anaondoka siku chache, huku nyuma mtoto anafariki. Msimulizi anatwambia wazazi walisikitika, ila mambo hayo yalikuwa ya kawaida mno kwa Weusi wa Bridgepoint, hata hawakuyawaza kwa muda mrefu. Naomba tusiipite haraka sentensi hiyo. Nani aliyeingia moyoni mwa Rose akayapima majonzi yake? Bridgepoint ni Baltimore, mji wa Marekani, iliyopewa jina jingine. Stein alisomea udaktari huko, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na akiwa mwanafunzi alikwenda kuzalisha akina mama Weusi majumbani mwao. Lakini kuingia chumbani kwa mzazi si kujua kinachomliza.

Sasa mtindo. Sikilizeni, tafsiri ni yangu: «Siku zote Melanctha Herbert alikuwa akipoteza alichonacho kwa kutamani kila alichokiona.» Hakuna tukio hapo, kuna mwenendo wa nafsi. Melanctha na daktari Jeff Campbell wanapendana na kugombana kurasa nyingi kwa maneno yale yale. Jeff hakosi kusema «kwa hakika». Mwanzoni ni neno la mtu anayejiamini. Baadaye, likirudi, ni la mtu anayeomba asiachwe. Herufi hazikubadilika, aliyebadilika ni Jeff. Kwangu mimi huo ni ufundi mkubwa.

Neno lililonitesa kulitafsiri ni lile la Melanctha kwenda huku na huko, kwenye reli na bandarini. Nikisema «anazurura», nimeshamhukumu; nikisema «anatangatanga», nimemhurumia. Stein anamwacha katikati, na msomaji ndiye anayejikuta akiamua.

Kumbe takriri hiyo hiyo inawafunga wengine. Rose ni mweusi sana, basi anaitwa mzito, mwoga, mwenye akili za kitoto, tena na tena. Melanctha ni chotara, basi ndiye mwerevu. «Kwa hakika» ya Jeff hurudi imebadilika. «Mweusi» ya Rose hurudi vile vile, ngumu kama muhuri. Hapo simtetei Stein, wala sikubali ile hoja kwamba ni enzi zake tu.

Mwaka 1903 alikuwa ameandika kisa cha mapenzi ya wanawake Wazungu, na mengi ya malumbano yake akayahamishia kwa Jeff na Melanctha. Claude McKay, mwandishi Mweusi, alisema mwaka 1937 kwamba hakuona humo jambo la pekee kuhusu maisha ya Weusi. Richard Wright, naye Mweusi, alisema hadithi hiyo ilimfungua masikio akaanza kuisikia lugha ya bibi yake. Namwamini Wright kuhusu masikio yake. Ila nikifika kwa Rose, namkumbuka McKay.

Tazameni na mwisho wake. Rose anamfukuza Melanctha, kifua kikuu kinampata, anapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa maskini, anafia huko. Ugomvi wa mapenzi ulizungushwa kurasa kwa kurasa. Kifo kimepewa mistari michache. Ni haraka ile ile iliyomzika mtoto wa Rose.