Mpandaji kwanza, msumeno baadaye: biashara ya kutunza miti Dar

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo vipi? Leo nawarekodia kutoka yadi yetu ya kazi ya kutunza miti hapa Bristol, Uingereza. Jumbe mnazonitumia kutoka Dar, hasa vijana wa Mbagala na Kigamboni, nyingi zinaomba kitu kimoja: "Dada, nitumie msumeno wa mnyororo nifungue kazi ya kukata miti."

Nia hiyo naipenda, na kazi ipo. Pita Upanga, Oysterbay, Mikocheni, utaona mwembe umelalia paa, mkungu umeingia kwa jirani, mnazi una makuti makavu juu ya mahali watoto wanapochezea. Masika ikishika, matawi yanashuka juu ya mabati na magari. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu, kila mwenye mti mkubwa uani alilala macho wazi. Watu wanahitaji fundi wa miti, na wako tayari kulipa.

Lakini ukiniuliza pesa yako ya kwanza uiweke wapi, nitakuambia iweke kwa mtu anayepanda juu ya mti. Msumeno ungekuwa kitu cha mwisho kukutumia.

Pale nyumbani tuna hazina ambayo hapa hawana: wakwezi. Kijana wa Mkuranga aliyekua akiangua nazi hana hofu ya kimo, miguu yake inajua shina, mikono ina nguvu. Mtafute huyo. Ila mwajiri ajue kwamba mnazi na mwembe ni kazi mbili tofauti. Mnazi una shina moja, mkwezi anapanda kwenye ngazi zilizochongwa, anaangua, anashuka. Kwenye mwembe anatembea juu ya tawi, anakata tawi jingine lenye uzito kumzidi yeye, na lile tawi likikatika linaweza kuzunguka likamrudia. Tena mwembe una maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wakimvamia mtu aliyeshika panga bila kufungwa kamba, anaachia mikono.

Kwa hiyo mtu mpya simpandishi mtini siku ya kwanza. Ninampa kazi ya chini: kukusanya matawi, kukunja kamba, kushika kamba ya kushushia. Ninaangalia anasimama wapi tawi linaposhuka, na kama anatazama juu kabla ya kuinama. Baadaye ninampeleka kwenye mti mbovu na kumwuliza angeupandaje. Anayeniambia "huu sipandi" ndiye ninayemtaka. Huku Uingereza kuna ugonjwa wa miti inayoitwa ash, ulithibitishwa nchini hapa mwaka 2012, unaufanya mti ukauke na kuvunjika kirahisi. Mti ulioathirika sana hatumpandishi mtu, tunaleta gari lenye kikapu cha kuinua. Kwetu mwenzake ni mwembe ulioliwa na mchwa ndani. Nje una majani, lakini gonga shina kwa nyundo kuzunguka pande zote: ukisikia sauti ya mtungi mtupu, tafuta njia nyingine ya kuushusha.

Sasa malipo, na hapa naomba mnisikilize vizuri wenye mtaji. Mkimlipa mpandaji kwa mti, mnamlipa aharakishe. Ataruka hatua ya kufunga kamba, atakata tawi zima badala ya vipande, ili awahi mti wa pili. Mlipeni kwa siku. Na mvua ikinyesha saa nne asubuhi, mpeni hata nusu ya posho yake arudi nyumbani, kwa sababu mtu mwenye watoto asiyelipwa siku ya mvua atapanda shina lililolowa. Hilo nalisimamia hata kama faida inapungua. Mkiwa tayari ni kampuni, muandikisheni NSSF na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria ya fidia ipo tangu 2008, na kazi hii ni miongoni mwa zile ambazo fidia ina maana kweli.

Vifaa vyake. Mkanda wa kupandia unaoshika kiuno na mapaja, kofia ngumu yenye mkanda wa kidevu, miwani, na kamba iliyotengenezwa kwa kubeba mtu. Kamba ya manila ya dukani ishushe matawi tu. Hizo mbili zisichanganywe kamwe. Zipake rangi tofauti mwishoni. Kamba ya mtu ikichubuka, ikate vipande vifupi palepale, usiiweke stoo, maana kuna siku mtu atakuwa na haraka ataichukua. Hapa Uingereza sheria ya mwaka 1998 inataka vifaa vinavyobeba mtu vikaguliwe na mtaalamu kila miezi 6, na mpandaji mwenyewe anavipapasa kila asubuhi kabla ya kupanda. Papasa, usitazame tu, kwa sababu vidole vinaona uzi uliokatika ndani.

Anapokata kwa msumeno wa mnyororo akiwa juu, awe amefungwa sehemu mbili. Mnyororo ukigusa kamba moja, nyingine imshike. Na chini lazima awepo mwenzake anayejua kupanda, amevaa mkanda tayari. Zimamoto utawapigia, namba yao 114, lakini mnaijua foleni ya Dar saa kumi na moja jioni. Mtu aliyezirai akining'inia kwenye mkanda hana muda wa kusubiri foleni. Kama una mpandaji mmoja tu, bado huna timu, chukua kazi za chini kwanza.

Waya za umeme sitazizungusha maneno. Nguzo za mitaani zinabeba volti 230 hadi 400, na zile laini kubwa ni kilovolti 11 au 33. Tawi bichi, tena limelowa, linapitisha umeme. Mti uliogusa waya si wako kuugusa hadi TANESCO wazime na wakuthibitishie wenyewe. Mteja akikusihi mara kumi, aondoke na mti wake. Na mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si mali ya mwenye nyumba: hapo kuna TARURA au TANROADS, wakala wa barabara, kaulize kabla. Wa ndani ya uwanja nao, pitia serikali ya mtaa.

Haya, mashine. Mafundi wengi wa kupunguza miti wanaweza kuanza na misumeno ya mkono yenye meno yaliyopinda na msumeno mmoja mdogo wa mnyororo. Huo mmoja ukitunzwa unaishi. Unaouawa, mara nyingi unauawa na mafuta. Injini yake haina oili ya kwake, inategemea ile unayochanganya kwenye petroli. Soma kitabu chake; nyingi za sasa zinataka 50 kwa 1, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili nzuri ya tustroki. Fundi anayekisia kwa kizibo cha chupa ndiye anayekuletea injini iliyonoki, pistoni imechanika mistari. Changanya ya kutosha wiki moja au mbili tu, petroli ikikaa inachakaa na kuziba kabureta.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hivi vipande vya mbao chini? Mnyororo mkali unatoa vipande kama hivi. Ukianza kutoa unga, na wewe unaanza kukandamiza, simama unoe. Tupa ya duara, ukubwa unaolingana na jino, sukuma kwenda mbele tu, idadi sawa kila jino, kushoto na kulia. Ukinoa upande mmoja zaidi, mashine inakata kwa kupinda. Safisha filta ya hewa kila jioni, vumbi la Dar halina huruma. Baa, lile bapa refu, ligeuze juu chini kila unaponoa ili lisilike upande mmoja. Hakikisha oili ya mnyororo inatoka. Na breki ya mnyororo ikifa, msumeno haupandi mtini hata kama kazi ni ya milioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta: filta ni shilingi kidogo, pistoni na silinda ni karibu bei ya mashine nyingine.

Hii kubwa iliyo nyuma yangu ni ya kusaga matawi. Imefunguliwa tubadilishe visu. Injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni kwa anayeifungua, hakuna mwingine. Kwa kuanzia Dar huihitaji. Kirikuu au Canter ya kukodi inatosha kubebea matawi.

Bei usitaje kwenye simu. Nenda uone tawi litaangukia wapi, litatolewa kwa mlango gani, kuna choo cha jirani chini au hakuna. Piga hesabu ya posho za watu, mafuta, gari, na fungu la matengenezo ambalo huligusi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha uliza swali linalogombanisha watu kila siku: kuni za nani? Mwenye nyumba anadhani ni zake, kijana anadhani ndiyo malipo yake, mama lishe wa jirani ameshaahidiwa. Liandikeni kabla msumeno haujawaka.

Na mshaurini mteja. Wengi watasema "kata kichwa chote." Mti uliokatwa kichwa unachipua matawi mengi yaliyoshikilia juujuu, baada ya misimu michache ndiyo yanayovunjika na upepo. Punguzeni matawi machache, kateni nje ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, mti uzibe jeraha wenyewe.

Video ijayo nitafungua kabureta hatua kwa hatua, na baada ya hiyo ni mafundo ya kamba, kijana wa Kigamboni uliyeuliza. Ila kama mti wako tayari umegusa waya, usingoje video. Wapigie TANESCO leo.