Kindi na mreteni: mhadhara wa Arboretum, Nairobi

Mabibi na mabwana, habari za mchana. Nimeombwa nilinganishe kindi na kichaka cha mreteni, na najua wapo waliocheka walipoona tangazo. Kwamba mmoja anaruka na mwingine umesimama tu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Tuliache.

Tuanze na pumzi. Seli za kindi na za mreteni, karibu zote, zina kiini na mitokondria, vyumba vidogo ambamo sukari huvunjwa kwa oksijeni ili mwili upate nguvu. Mreteni unapumua usiku na mchana, sawa na kindi. Tofauti ni sukari inakotoka. Mreteni hujitengenezea kwa jua, maji na hewa ya ukaa. Kindi ni mla vya wenyewe: mbegu, matunda, machipukizi, hata mayai ya ndege akiyapata.

Msidhani pia kwamba mnyama ndiye mwenye DNA nyingi. Mwaka 2013 ilichapishwa jenomu, yaani DNA nzima, ya msprusi wa Ulaya, mti wa jamii ya misonobari na ndugu wa mbali wa mreteni: herufi za DNA bilioni 20 hivi. Sisi binadamu tuna bilioni 3. Nyingi za msprusi ni marudio, kwa hiyo wingi si werevu.

Penye utamu ni ukuaji. Kindi akishakomaa harefuki tena, isipokuwa kucha, manyoya, na hasa meno yale ya mbele, ambayo hukua mpaka siku ya kufa. Mbele ya jino kuna enameli ngumu, nyuma ni laini zaidi. Akitafuna, nyuma hulika upesi na ncha hubaki kali kama patasi. Mreteni nao una ncha zisizochoka kukua, ila zake ziko kwenye kila tawi. Kata kitawi, ukipande udongoni, kikitia mizizi unapata mreteni mwingine. Mkia wa kindi ukikatika hauoti tena, sembuse mkia kuota kindi!

Sasa wenye mireteni kwenye bustani huko Lang'ata na Runda, nisikilizeni. Tawi kuukuu la kahawia, lisilo na majani, halichipui. Mtunza bustani akipitisha makasi mpaka kwenye ukavu wa ndani, pengo hilo mtakaa nalo. Mwambieni akate palipo kijani tu, kidogo kidogo.

Karibuni maswali. Tuanze na mama wa pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja mkia.