Damu Inasema Nini Kuhusu Ubongo Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Ndugu wa mgonjwa mzee aliyepasuliwa moyo huja na kauli isiyokuwa na nafasi katika fomu zetu: moyo umepona, lakini mzee si yule tuliyemleta. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliipa kauli hiyo takwimu. Kati ya wagonjwa 261 waliopandikizwa mishipa ya moyo, asilimia 53 walikuwa wameshuka katika vipimo vya kumbukumbu na kufikiri walipokuwa wakitoka hospitali, asilimia 24 baada ya miezi 6, na asilimia 42 baada ya miaka 5. Kupanda huko kwa mwisho kusitupumbaze, kwa kuwa utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha la watu wasiopasuliwa, na miaka 5 ya uzee na ya maradhi ya mishipa hudhoofisha akili hata pasipo kisu.

Je, damu inaweza kututajia mapema nani yumo hatarini? Protini iliyotumainiwa kwanza ni S100B, iliyo nyingi katika seli zinazozihudumia neva za ubongo. Kasoro yake ni kwamba imo pia katika mafuta ya mwili, na damu inayofyonzwa kutoka kifua kilichofunguliwa, kisha ikarudishwa mwilini, huja nayo. Enolasi ya neva, kimeng'enya cha seli za neva kilichopimwa kwa lengo hilo hilo, nayo imo ndani ya chembe nyekundu za damu, ambazo mashine ya moyo na mapafu, pampu inayoshika kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, huzivunja zinapopita. Kiwango kikipanda, basi, hatujui kama tunasikia kilio cha ubongo au kishindo cha pampu.

Siku hizi macho yameelekea kwa nyurofilamenti nyepesi, protini ya kiunzi cha ndani cha nyuzi za neva, ambayo hupanda baada ya upasuaji na kubaki juu kwa muda mrefu kuliko zile mbili. Mimi naiona bora, ila kwa tahadhari: hupanda pia kadiri umri unavyosonga na figo zinapodhoofika, na wagonjwa tunaowazungumzia ni hao hao wazee, wengi wao wenye figo zilizochoka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaoviita vipimo vyote hivi utabiri. Kiwango kilichopimwa siku ya pili baada ya upasuaji ni taarifa ya jeraha lililokwisha kutokea. Anayetaka kutabiri hana budi kuchukua damu kabla ya nusukaputi, ampime mgonjwa kumbukumbu wiki hiyo hiyo ili baadaye alinganishwe na nafsi yake mwenyewe, na aandike kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kwenye karatasi ile ile yenye nyurofilamenti.