Nani Bado Anautazama? Kuondoa Mistari Mfu katika PostgreSQL

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia takataka za hifadhidata: zipi zinatupika, na lini.

Chukueni jedwali la akaunti. Asha ana shilingi 50,000, anatoa 20,000. Wengi hudhani PostgreSQL, programu ya kutunza hifadhidata, hufuta 50,000 na kuandika 30,000 palepale. Sivyo. Mstari wa zamani unabaki ulipo, unapigwa muhuri wa namba ya muamala (kundi la hatua zinazokamilika au kughairiwa kwa pamoja) ulioubadilisha, kisha mstari mpya unaandikwa mahali pengine. Muhuri wa kuzaliwa unaitwa xmin, wa kufa unaitwa xmax. Hata ukifuta mstari kabisa, kinachoongezeka ni muhuri tu. Kwa njia hii, mhasibu aliyeanza ripoti yake kabla Asha hajatoa fedha anaendelea kuona 50,000 hadi amalize, wala hawazuiani.

Tabia hii ina historia. Mradi wa POSTGRES, ulioanza Berkeley mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, ulikusudia kutunza matoleo ya zamani na kuyahamishia kwenye ghala. Mhamishaji akapewa jina la mashine ya kufyonza vumbi. Ghala lilishaachwa, lakini jina VACUUM tunalo hadi leo. Mimi nitamwita mfagiaji.

Sasa, mfagiaji anajuaje kwamba mstari huu ni takataka? Muhuri wa kifo peke yake hautoshi. Kwanza, muamala uliopiga muhuri uwe umekamilika. Ukighairiwa, mstari ni mzima kama jana. Pili, asiwepo hata mmoja ambaye picha yake ya data, yaani hali ya data kama alivyoikuta alipoanza, bado inaweza kuuhitaji. PostgreSQL haimhoji kila mtu. Inamtafuta aliye mkongwe kuliko wote kati ya walio kazini, na kuchora mpaka hapo. Vilivyokufa kabla ya mpaka vinaondoka. Vilivyokufa baadaye vinabaki, hata kama kwa kweli hakuna anayevitazama. Ni tahadhari yenye gharama, na naiunga mkono kwa moyo wote. Diski inanunulika. Jibu la uongo likishamfikia mteja, halirudi.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni mpangilio wa kufagia. Jedwali limegawanywa katika kurasa za kilobaiti 8, na ndani ya ukurasa kila mstari una namba ya nafasi yake. Faharasa, orodha ya kutafutia mistari haraka, haibebi mstari. Inabeba anwani: ukurasa fulani, nafasi fulani. Tuseme mfagiaji ameachia nafasi ya mstari mfu wa Asha kabla ya kugusa faharasa. Mstari mpya wa Juma unaingia pale. Kesho unamtafuta Asha, faharasa inakupeleka kwa Juma. Huoni ujumbe wa kosa, na seva haianguki. Ndiyo maana mfagiaji hupita jedwali kwanza akikusanya anwani za wafu, kisha huingia kila faharasa kuondoa viingizo vyao, na hapo tu ndipo anarudi kuachia nafasi. Orodha ya anwani inakula kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Kabla ya toleo la 17 la mwaka 2024 haikuweza kuzidi gigabaiti 1, kwa hiyo kwenye majedwali makubwa faharasa zilipitiwa tena na tena.

Niwasimulie la kwangu. Niliitwa mahali ambapo jedwali dogo la foleni lilikuwa linavimba usiku na mchana. Mfagiaji alipita kila dakika, na kila mara aliandika kwenye faili la taarifa zake (log) kwamba wafu wapo ila hawaondoleki bado. Tukamwongezea kasi. Haikusaidia kitu, kwa sababu shida haikuwa uvivu wake. Mtu alikuwa amefungua muamala wa REPEATABLE READ, unaoshikilia picha ile ile ya data hadi ufungwe, Ijumaa kwa ajili ya ripoti, akaenda nyumbani bila kuufunga. Mpaka ulikuwa umekwama Ijumaa. Mwenzetu akapendekeza VACUUM FULL. Nikamzuia: amri hiyo huandika jedwali lote upya chini ya kufuli linalowasimamisha hata wasomaji, na wafu wale wale ingewabeba ikawahamishia kwenye faili jipya, maana mpaka ni ule ule. Tuliufunga muamala, mfagiaji akamaliza kwa mzunguko mmoja.

Msimchukie mfagiaji kiasi cha kumzima. Kwa kawaida huamka pale wafu wanapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya mistari. Kwa jedwali la mistari milioni 100, hiyo ni kusubiri wafu milioni 20! Majedwali kama hayo yapeni asilimia 1. Namba za miamala nazo ni za biti 32, kwa hiyo zikiisha zinaanza upya; mistari ya zamani lazima igandishwe, yaani ipigwe alama kwamba ni ya kale na inaonekana kwa wote, kabla umri wake haujafika takriban bilioni 2. Anayekwamisha mpaka anakwamisha na ugandishaji, na tangu toleo la 14, namba zikibaki kama milioni 3 seva hukataa kutoa namba mpya.

Wekeni idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio unaokata muunganisho wa aliyeacha muamala wazi bila kufanya kazi; ipo tangu toleo la 9.6, na kwa kawaida imezimwa. Kisha angalieni pg_stat_activity, orodha ya walio kazini, safu za backend_xid na backend_xmin, mwenye namba kongwe ni nani. Msipomwona hapo, fungueni pg_replication_slots, orodha ya nafasi zilizotengewa seva nakala, kwani seva nakala iliyozimwa miezi iliyopita inaweza kuwa bado imeshikiwa nafasi. Mwisho pg_prepared_xacts, miamala iliyoandaliwa ikisubiri amri ya mwisho ya kukamilishwa, kisha ikasahauliwa; hiyo haiondoki hata seva ikizimwa na kuwashwa.

Kompyuta yangu iko wazi hapa mezani. Mwenye seva ya majaribio asogee, tumtafute mkongwe wake.