Kukausha hei iliyoshindiliwa kwa maikrowevu: mvuke utatokea wapi?

Haya jamani tuanze, mliosimama mlangoni sogeeni ndani nafasi ipo. Leo naongelea hei, yale majani ya mifugo yaliyoanikwa, ambayo ishashindiliwa kuwa robota na bado ina unyevu. Najua kuna mtu anasema moyoni si uianike tu. Kweli, majani yakikatwa maji ni kama asilimia 75 hadi 80, na hayo mengi muachie jua, jua halileti bili. Kazi ipo kwenye yale maji ya mwisho, umeanika, mawingu yanajikusanya, unafunga chapchap ikiwa na asilimia 25 badala ya 15, unapanga stoo huku unajisifu mvua umeiwahi.

Kumbe mle ndani vijidudu vinakula na kupumua, joto linapanda, na hei ilivyo kama blanketi joto halina pa kwenda. Likifika nyuzi 65 hivi hapo ni kupima kila siku, maana moto unaweza ukaja hata wiki ya nne, ya sita, ushasahau kabisa. Na isipowaka inageuka kahawia inanukia kama tumbaku, ng'ombe anaifakamia vizuri tu, ila protini ishagandana na sukari inapita tumboni inatokea kule nyuma hajafaidi kitu.

Sasa maikrowevu inaingiaje. Hewa ya moto inaanza na ngozi ya robota, ndani inafika kwa kuchelewa, na likishindiliwa sana haipenyi. Mawimbi yenyewe yanazama na kuchezesha molekuli za maji, penye maji mengi ndo panapata moto zaidi. Ile ya jikoni ni gigahezi 2.45, viwandani kuna ya megahezi 915 ambayo inazama zaidi, kwa robota nene mimi ningechukua hiyo.

Lakini kupasha ni rahisi bwana! Ugumu ni mvuke. Unatoka katikati unakuta majani yamebanana, unahangaika, ukifika nje kwenye ubaridi unarudi kuwa maji, unafungua mashine robota limelowa juu kuliko lilivyoingia. Ndo maana unawasha kidogo, unazima, unaliacha lipumue huku feni inapuliza, unawasha tena. Anayekuuzia mashine isiyo na feni anakuuzia nusu mashine.

Umeme nao tusidanganyane. Robota la kilo 20 lenye asilimia 25, ukitaka lishuke hadi 12, unatoa maji karibu kilo 3. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke ni yuniti 0.63, weka na kulipasha robota lenyewe, weka na umeme unaopotelea kwenye magnetroni, kile kifaa kinachotengeneza mawimbi, ambao unaweza kufika theluthi, unajikuta kwenye yuniti 4 na zaidi kwa robota moja, feni hujaihesabu. Ndo nasema hii ni ya kumalizia, kukausha majani mabichi kwa umeme ni wazimu.

Kupima unyevu unaweza hata na ile ya jikoni. Gramu 100 zilizokatwakatwa, unapasha, unapima, unapasha dakika moja moja mpaka uzito ugome kushuka, zikibaki 82 basi unyevu ulikuwa asilimia 18. Na kikombe cha maji pembeni! Mimi nilikisahau siku moja, nikaona moshi mweupe unatoka mlangoni, majani meusi katikati ila pembeni mabichi kabisa. Maji yakiisha kwenye majani mawimbi hayana pa kuishia, kikombe ndo kinayapokea. Robota zima ni vilevile, kipande kilichotangulia kukauka ndo kinaungua, kwahiyo nguvu unaipunguza kadiri linavyokauka.

Nani kaniuliza, wewe wa kofia? Eeh, robota la kufungwa na waya halifai, waya utapiga cheche na pale pana majani makavu. Kata waya wote, funga kamba ya katani ndo uliingize, na upekue usikute msumari umejificha humo.